Aliyekubali kufa atazuiwa na nini? Jibu kwa katibu wa ulinzi shirikishi, Ngamiani

SWALI

Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni katibu wa kamati ya ulinzi shirikishi katika mtaa mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga mjini. Eneo letu lina soko dogo, msikiti, gesti tatu na kituo cha daladala. Siku za Ijumaa na jioni za Ramadhani watu hujaa mpaka barabarani. Kwa haya tunayoyasikia ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na yale yaliyowakuta majirani zetu Kenya, wafanyabiashara wamechangishana fedha tujikinge na ugaidi. Sasa tumegawanyika. Vijana wanataka tufunge kamera kumi na sita. Wenye maduka wanataka walinzi wenye bunduki. Mzee wetu mmoja anasema fedha zirudishwe kwa wenyewe, kwa sababu mtu aliyekwisha kukubali kufa hatishiki kwa kamera wala kwa bunduki. Nani ana haki? Na la pili: kuna kijana wa mtaani alipotea zaidi ya mwaka, sasa amerudi na hasemi alikokuwa. Watu wanasema lisemwalo lipo. Kamati imfanye nini?

JIBU

Marahaba, katibu. Poleni na kazi, na hongereni kwa kuuliza kabla ya kununua.

Nianze na mzee wenu, maana hoja yake ndiyo nzito kuliko zote. Ni kweli: mtu aliyeketi ndani ya gari lenye bomu humtishi kwa kifungo. Lakini huyo ndiye wa mwisho kuingia kazini. Kabla yake yupo aliyetoa fedha, aliyepanga nyumba, aliyenunua gari, aliyekuja kulisoma geti kwa macho, aliyeficha vifaa, aliyetafuta pasipoti. Hao hawana nia ya kufa. Wanataka waishi, na wanataka kazi yao ifanikiwe.

Tazama shambulio la ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, tarehe 7 Agosti 1998. Aliyeendesha lori alikufa nalo. Wenzake je? Kwa mujibu wa kesi iliyosikilizwa New York, Khalfan Khamis Mohamed ndiye aliyepanga nyumba Ilala ambamo bomu liliandaliwa. Baada ya mlipuko alikimbilia Afrika Kusini, akawa anafanya kazi mgahawani Cape Town kwa jina la bandia, hadi alipokamatwa Oktoba 1999. Mwaka 2001 alifungwa maisha. Ahmed Khalfan Ghailani, aliyetiwa hatiani mwaka 2010, alikwisha panda ndege kwenda Karachi kabla bomu halijalipuka. Mmoja alikubali kufa, wengine walikwisha jiandalia njia ya kutokea. Hao wanaoogopa kukamatwa ndio wanaozuilika, na bila wao yule wa mwisho hana gari, hana nyumba wala hana bomu.

Kwa hiyo mwambieni mzee ana haki nusu. Nusu iliyobaki ndiyo kazi ya kamati yenu: kuufanya mtaa uwe mahali ambapo mpango wa namna hiyo hauwezi kuiva bila mtu kuuona, na ukiiva, usiue watu wengi.

Hili la kutoua wengi watu hulipuuza, nami nataka mlitilie maanani. Asubuhi ileile ya 1998 yalilipuka malori mawili, moja Dar es Salaam na jingine Nairobi. Dar walikufa watu 11. Nairobi walikufa 213, na maelfu wakajeruhiwa. Tofauti kubwa ilitokana na mahali. Dar lori halikufika lilikokusudiwa kwa sababu lori la maji la ubalozi lilikuwa limesimama mbele yake getini, na jengo lenyewe lilikuwa limeachiwa nafasi na uzio wake. Nairobi jengo lilikuwa katikati ya jiji, kwenye makutano ya Moi na Haile Selassie, limebanana na majengo mengine. Jumba la Ufundi lililokuwa jirani likaporomoka na watu ndani.

Nguvu ya mlipuko hupungua haraka sana kadiri unavyosogea mbali nao. Wahandisi wanayo kanuni yao: mlipuko ukizidishwa mara nane, eneo la madhara yaleyale husogea mbele mara mbili tu. Maana yake, kila mita unayoiweka kati ya gari na watu inafanya kazi ambayo hakuna mlinzi anayeweza kuifanya. Na mita hazinunuliwi kwa bei ya kamera. Malori ya vitunguu na mchele yanayoshusha mzigo katikati ya soko saa nne asubuhi, watu wakiwa wamejaa, yahamishiwe alfajiri, tena nje ya mstari wa vibanda. Njia ya kuingilia sokoni iwekewe nguzo fupi za zege zinazopitisha mkokoteni, baiskeli na guta lakini hazipitishi gari. Siku ya Ijumaa pikipiki na magari yasiegeshwe ukutani mwa msikiti. Yapelekwe upande wa pili wa barabara, na kijana mmoja awepo pale wa kuelekeza. Ombeni kibali kwa ofisi ya mtendaji wa kata kabla ya kuchimba shimo hata moja, maana gari la Zimamoto nalo lazima lipate pa kupita. Nguzo mbili za kati ziwe za kung'oka, zenye kufuli, na ufunguo ukae mahali panapojulikana.

Kisha vioo. Nairobi kulisikika kishindo cha kwanza kidogo, watu waliokuwa maofisini wakakimbilia madirishani kuona kuna nini, ndipo bomu lenyewe likalipuka. Wengi walipoteza macho kwa vipande vya vioo. Jambo hili halihitaji fedha, linahitaji kufundishwa: ukisikia mlio usioujua, ondoka dirishani, lala chini nyuma ya ukuta, ndipo uulize. Wafundisheni wauza duka, walimu wa madrasa, wahudumu wa gesti. Gesti zenye vioo vikubwa upande wa barabara zibandike karatasi ya plastiki nzito inayoshika vipande visiruke. Mafundi wanaoweka vioo vya magari giza wanajua kuibandika. Ila msichukue ile nyembamba ya kuzuia jua, haitawafaa.

Sasa kamera. Sizikatai, ila kumi na sita ni nyingi kwa mtaa usio na mtu wa kuziangalia. Jengo la maduka la Westgate, Nairobi, liliposhambuliwa Septemba 2013, kamera zilikuwepo. Ziliwarekodi washambuliaji wakitembea na bunduki, na dunia nzima ikaziona picha zile baadaye. Watu 67 walikuwa wamekwisha kuuawa. Kamera isiyoangaliwa inamsaidia mpelelezi baada ya tukio, haimzuii mtu. Chukueni mbili au tatu tu. Moja itazame mahali malori yanapoingia, kwa kimo cha kusoma namba ya gari, siyo juu ya paa ambako mnaona vichwa na kofia. Nyingine itazame kituo cha daladala. Nunueni na betri ya akiba, umeme ukikatika isizimike. Kuwe na mtu mmoja aliyekabidhiwa kumbukumbu zake kwa maandishi, ili picha za akina mama wanaoingia gesti zisije zikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Mkilivunja hilo mara moja tu, hakuna atakayewaamini tena.

Walinzi wenye bunduki nawashauri msiwachukue kabisa. Bunduki moja katikati ya umati wa Ijumaa ni hatari yenyewe, na mlinzi aliye peke yake huporwa. Kumbukeni tena Nairobi 1998: waliolizuia lori lisiingie zaidi ni walinzi wasio na bunduki waliokataa kufungua kizuizi. Walijua kazi yao, wakashika msimamo. Huyo ndiye mlinzi mnayemtaka, aliyefundishwa, anayelipwa kwa wakati, mwenye filimbi, tochi, redio au simu yenye salio, na anayejua nani wa kumpigia.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu kuna kitu Tanga mnacho tayari na hamkihesabu kuwa ni ulinzi. Kabla ya shambulio lolote lililopangwa, mtu huja kulitazama eneo. Huja zaidi ya mara moja. Huuliza walinzi hubadilishana saa ngapi, geti la nyuma hufungwa na nani, Ijumaa ipi watu huwa wengi. Hupiga picha za malango, kufuli na kona, si za watu wala bahari. Mtu huyo anachokichukia kuliko bunduki ni kusemeshwa, maana akisemeshwa amekwisha onekana, na sura yake imeshikwa na mtu. Mtaa wenu watu hawapitani bila salamu. Basi mfundisheni mlinzi na muuza kahawa waisalimie kila sura ngeni kwa upole na kwa kuimaliza: "Asalaam aleikum, ndugu yangu. Habari za safari? Nikusaidie, unamtafuta nani?" Mgeni wa kweli atafurahi na ataonyeshwa njia. Mwenye jambo lake atajikanyaga, atataja jina la mtu asiyekuwepo, au hatarudi tena. Muhimu ni kusalimia wote, mwenye kanzu na mwenye suruali, mweusi na Mwarabu na Mzungu. Mkianza kuchagua kwa ndevu na mavazi mtawaudhi watu mia wasio na kosa, na yule mwenye nia mbaya atakuja amenyoa, amevaa fulana ya Simba au Yanga.

Gesti nazo ni hivyohivyo. Kitabu cha wageni mara nyingi hujazwa kwa kuhurumiana: jina moja, "biashara", saini isiyosomeka. Mhudumu aione namba ya NIDA au pasipoti kwa macho yake na kuiandika mwenyewe. Mwenye nyumba naye asimpe mpangaji ufunguo kabla hajapita kwa mwenyekiti wa mtaa na barua ya alikotoka. Mtu anayetaka kulipa kodi ya mwaka mzima taslimu, asitake majirani, asitake fundi wala dobi aingie, anastahili kuulizwa zaidi. Nyumba ya Ilala ya 1998 ilipangwa kwa mwenye nyumba, kama zinavyopangwa nyumba zote.

Kuna jambo la Tanga hasa ambalo swali lenu halikuligusa, nalo ni baruti. Kwa miaka mingi mwambao huu, kuanzia Moa na Kwale hadi Kigombe na Pangani, uliumizwa na uvuvi wa mabomu. Wazee wanajua ule mtutumo wa asubuhi baharini, na samaki wanaoletwa mnadani wamelegea, mifupa imevunjika kwa ndani. Baruti halali ni ya machimbo na migodi, na sehemu yake ilikuwa ikivuja kwa wizi na kwa mafungu ya siri. Sheria ya kuwafunga wavuvi hao ilikuwepo miaka yote, na mtutumo ukaendelea. Uliopunguza mtutumo ni msako wa pamoja wa taasisi mbalimbali za serikali ulioanza mwaka 2015 na kupamba moto miaka miwili iliyofuata. Vikundi vya kusimamia bahari vilivyo vijijini vikatoa taarifa, walioshikwa wakafikishwa mahakamani kweli, na wasambazaji nao wakaanza kufuatwa, si mvuvi peke yake. Mvuvi aliogopa pale alipojua atakamatwa. Miaka ya kifungo iliyoandikwa kwenye karatasi haikuwa imemtisha kabla ya hapo.

Nimelileta hili kwa sababu mbili. Kwanza, linawaonyesha kwa macho yenu kinachomrudisha mtu nyuma: uhakika wa kushikwa una nguvu kuliko ukubwa wa adhabu. Wale wapanga nyumba na watoa fedha wa ugaidi wanapiga hesabu hiyohiyo. Pili, baruti inayovuja kwa mvuvi leo inaweza kuvuja kwa muuaji kesho. Kama kuna mtu wa mtaani kwenu anafanya kazi ya kulipua mawe machimboni, na mkasikia kuna tambi za baruti au viwashio vinauzwa kichochoroni, hiyo ni taarifa ya kupeleka polisi siku hiyohiyo. Msiiache kwa sababu "ni ya samaki tu". Hali kadhalika mzigo unaoshushwa usiku kwenye bandari bubu. Mwingi ni wa sukari na mafuta ya kula ya magendo, najua, lakini njia ya mashua haichagui mzigo.

Nije kwa kijana. Katibu, hapa nawasihi mtulie.

Mtu kupotea mwaka na kurudi kimya si kosa. Vijana wa Tanga huenda Mererani, huenda Mombasa, huenda Oman, wengine hutekwa na dawa za kulevya, wengine hufungwa jela mikoa ya mbali na huona aibu kusema. "Lisemwalo lipo" haiwezi kuwa ushahidi wa kumwandama mtoto wa mtu. Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilitoa utafiti wake, lililowahoji mamia ya Waafrika waliowahi kujiunga na makundi haya. Asilimia 71 ya waliojiunga kwa hiari yao walisema kilichowasukuma hatua ya mwisho ni kitendo cha serikali, kama kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Ukitaka kumtengenezea kundi mfuasi mpya, mpige kijana asiye na hatia mbele ya wadogo zake, au sambaza picha yake kwenye simu ukimwita gaidi. Na siku yule mwenye hatia ya kweli atakapopita, mdogo wake atamwona na atanyamaza.

Taarifa ya mtu wa ndani ndiyo silaha ya kwanza katika kazi hii. Shirika la utafiti la RAND lilichambua mwaka 2008 makundi ya kigaidi ya tangu 1968. Katika yale yaliyokwisha kufa, asilimia 43 yaliisha kwa kuingia katika siasa, asilimia 40 kwa kazi ya polisi na wapelelezi, na asilimia 7 tu kwa nguvu za jeshi. Mpelelezi hafanyi kazi hewani. Huambiwa na mama, na mke, na imamu, na wakala wa fedha za simu aliyeona jambo halijakaa sawa. Wakiwa wanaogopa kwamba wakisema mtoto atapotezwa, hawatasema.

Kwa hiyo aanze mtu wa nyumbani. Mjomba wake au mwalimu wake wa madrasa amwite, wale pamoja, amuulize amepatwa na nini na anahitaji nini. Kamati isiende kundi zima na fimbo. Akiwa na shida ya dawa, Tanga kuna kliniki ya kumpeleka. Akiwa hana kazi, mtafutieni hata ya kupakia mizigo, asikae barazani akitazamwa.

Ila kama mnaona vitendo, hapo msikae kimya hata kidogo. Vitendo ni kama kuwashawishi vijana wenzake wasafiri kwa siri bila wazazi kujua, kuwa na laini nyingi za simu zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine, kupokea na kugawa fedha zisizo na biashara nyuma yake, kutafuta baruti au silaha, kutamka kwamba fulani au mahali fulani wanastahili kuuawa. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002 inaadhibu kutoa fedha, kuficha watu na kuandikisha wafuasi, hata kama bomu halijalipuka. Mpelekeeni mkaguzi wa polisi wa kata, ana kwa ana, mtu mmoja au wawili, mkieleza mlichokiona: tarehe, saa, mahali, maneno yaliyotamkwa, namba ya pikipiki. Msichanganye na mlichohisi. Kikiwa cha dharura, pigeni 112. Msimfungie chumbani, msimhoji wenyewe, msipekue begi lake. Wenye umri kama wangu tunakumbuka Februari 2015, polisi na wanajeshi walipopambana na kundi lenye silaha kwenye mapango ya Amboni, na jinsi mji ulivyojaa uvumi wiki ile, kila mgeni akawa mtuhumiwa. Siku kama hizo ndizo zinazohitaji kamati yenye taarifa chache zilizo sahihi.

Jambo la mwisho la kutumia fedha zenu ni zoezi. Westgate mwaka 2013 polisi na jeshi waliingia bila amri moja, na tukio likachukua siku nne. Januari 2019 hoteli ya DusitD2, Nairobi hiyohiyo, iliposhambuliwa, vikosi vilifika haraka, vikaratibiwa, mamia ya watu wakatolewa na tukio likaisha asubuhi iliyofuata. Watu 21 walikufa, na kila mmoja wao ni msiba, lakini Kenya ilikuwa imejifunza. Nanyi amueni sasa nani anapiga simu, nani anafungua njia ya nyuma ya soko, nani anawatoa wanawake upande wao wa msikiti, majeruhi wanapelekwa hospitali ya Bombo kwa njia ipi kama barabara kuu imezibwa. Fanyeni zoezi hilo asubuhi ya siku ya kazi, soko likiwa wazi, mkiwa na mkaguzi wa kata na mtu wa Zimamoto. Mtashangaa ni milango mingapi imezibwa na magunia. Nunueni vifaa vya huduma ya kwanza, hasa bandeji nene na mikanda ya kufunga jeraha linalovuja damu, na waleteni wauguzi wawafundishe vijana wa bodaboda, kwa sababu wao ndio watakaofika kwanza.

Mkikubaliana na mpango huu, nitumieni mchoro wa eneo, hata wa mkono: upana wa kila njia inayoingia sokoni, umbali kutoka barabarani hadi kibanda cha kwanza na hadi ukuta wa msikiti, na mahali mitaro inapopita. Nikipata vipimo hivyo nitawaandikia nguzo ngapi zinatosha, zizikwe kina gani, na zipi ziwe za kung'oka.